Bolti Iliyoganda Chini ya Gari: Maswali ya Wasomaji

Masika yakipita Mombasa, gereji hujaa magari yanayogonga chini. Mashimo yaliyofichwa na maji yameshamaliza bushi (viungo vya mpira), shoku na linki (fimbo zinazoshika tairi na fremu), na mwenye gari huja akidhani ni kazi ya asubuhi moja. Kisha bolti inakataa kutoka. Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo hilo, kwa hiyo tumeziweka pamoja. Baadhi tumezifupisha, na majina tumeyaacha, mtaa unatosha.

Inazunguka kidogo, halafu inarudi yenyewe

*Assalaam alaykum. Nina Subaru Forester ya mwaka 2005. Bushi za linki za nyuma zimekwisha na tairi la kushoto linaliwa upande wa ndani. Fundi amefungua nati ya ile bolti ndefu inayopita kwenye habu, nyumba ya beringi za tairi, ikatoka bila taabu, lakini bolti yenyewe haitoki. Akiizungusha kwa kichwa inakwenda kidogo, halafu inarudi yenyewe kama springi. Amepiga nyundo hadi ncha imefura kama uyoga. Sasa ataka kukata. Hakuna njia nyingine?* — Bamburi

Wa alaykum salaam. Huko kwenda kidogo na kurudi ndiko kunakoonyesha ugonjwa uko wapi. Bolti iliyoshikwa kwenye meno haichezi hata kidogo, na siku ikilegea imelegea, hairudi. Yako meno yake yako huru, kwani nati imetoka. Kilichoishika ni slivu, kile kibomba cha chuma kilicho katikati ya mpira wa bushi. Nafasi kati ya bolti na slivu ni nyembamba mno. Maji ya chumvi yakiingia humo hayatoki, chuma hula kutu pande zote mbili, na kutu hutaka nafasi mara mbili au zaidi ya chuma kilicholiwa. Haina pa kwenda, basi inabana. Ukizungusha bolti, slivu inakwenda nayo na mpira unajisokota. Ukiachia, mpira unavirudisha vyote viwili.

Kwa hiyo kuongeza urefu wa bomba kwenye spana hakutakufikisha. Utauchana mpira, kisha bolti na slivu vitazunguka pamoja kwa raha zao huku havisogei hata milimita moja kwenda nje. Bolti ya namna hii hutolewa kwa kusukumwa na kutikiswa, wala si kwa kuzungushwa peke yake.

Kabla ya kukata, ipe siku mbili. Sugua kutu ya nje kwa brashi ya waya kwenye ncha zote za slivu, kisha nyunyiza mafuta ya kupenya kutu asubuhi na jioni. Hayo mafuta yanaingilia pembezoni tu, pale slivu inapogusana na chuma kinachoishikilia. Ukiyamwaga juu ya mpira yanapotea bure, na mengine huuvimbisha. Kila baada ya kunyunyiza, igongegonge bolti kichwani kwa nyundo ndogo, mara 20 au 30, si kwa hasira. Mtikisiko hufungua nyufa ndogo ndani ya kutu na mafuta huvutwa humo.

Ncha iliyofura isawazishe kwanza kwa tupa au grenda, maana ilivyo sasa hata bolti ikikubali kutembea, huo uyoga hautapita kwenye tundu. Laiti nati ingerudishwa kabla ya kugonga, uso wake ukalingana na ncha ya bolti, meno yasingeharibika. Sasa weka panchi ya chuma nene, nyembamba kidogo kuliko bolti, na upige kwa nyundo ya kilo mbili huku mwenzako akiishikilia habu kwa upande wa pili kwa kipande kizito cha chuma. Habu ikiachwa ining'inie, mpira na springi humeza kila pigo. Nyundo ya upepo yenye ncha butu ni bora zaidi, kwa sababu inapiga mapigo mengi madogo kwa haraka. Wakati wa kupiga, mtu mwingine aizungushe bolti kwa mashine ya upepo mbele na nyuma. Ukiona kichwa kimeachana na chuma hata kwa unene wa kadi ya simu, umeshinda: ongeza mafuta, irudishe ndani, itoe tena, na kila safari itakuja mbele zaidi.

Nusu saa ya kazi hiyo ikipita bila kichwa kusogea, fundi wako yuko sawa. Kateni. Bushi zenyewe zinakwenda kutupwa, hivyo hakuna cha kuhurumia. Ila msianze kukata kabla vifaa vipya havijawa mkononi: bolti, nati, washa na bushi zake, vyote vilivyoagizwa kwa namba ya chasisi. Gari lililokatwa bolti hii haliendi popote, na kipande kisichopatikana Mombasa kitalilaza juu ya stendi mpaka kije.

Mikato ni miwili, pale linki ya mbele inapokutana na habu na pale linki ya nyuma inapokutana nayo. Msumeno wa umeme wa kwenda na kurudi, wenye wembe mrefu wa chuma wa meno 18 kwa inchi, unapita vizuri na hautoi cheche. Usibonyeze sana, wala usiukimbize, kwa sababu wembe unaokwenda mbio juu ya chuma kigumu hupoteza meno kabla hata haujafika nusu. Tone la mafuta kila baada ya muda huurefushia maisha. Ukitumia grenda, chukua diski ya milimita 1 na usivue kinga yake. Funika mpira wa shafti, hosi ya breki na waya wa ABS kwa gunia lililoloweshwa, na jua tanki liko upande gani, maana cheche hufuata mzunguko wa diski. Kipande kinachobaki ndani ya habu kinatolewa kwa presi pamoja na bushi zake. Kujaribu kukitoa kwa nyundo chini ya gari ni kuziomba beringi za habu zife.

Upande wa ndani wa linki kuna bolti yenye washa ya yai, ile inayorekebisha mwelekeo wa tairi. Kabla hujaigusa, iwekee alama kwa tindo, mstari mmoja uanzie kwenye washa uingie kwenye fremu, na uipige picha. Rangi hufutika kwa mafuta. Hata ukiwa na alama, gari liende kupimwa alaimenti likitoka gereji, kwani tairi lako la kushoto limeshatoa ushahidi.

Na jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza: bolti za bushi za mpira hukazwa mwisho wakati gari limebeba uzito wake. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, mpira unashikwa katika hali hiyo. Gari likishuka chini, mpira unajisokota na kubaki umejisokota usiku na mchana, na bushi mpya huchanika mapema mno. Zifunge kwa mkono kwanza, inua habu kwa jeki mpaka gari lianze kuinuka kwenye stendi yake, ndipo ukaze kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza.

Imekatikia ndani

*Salamu. Bolti inayoshika loa amu (mkono wa chini wa tairi) kwenye krosimemba (boriti ya chuma iliyokingama chini ya gari) imekatika wakati wa kufungua. Kipande kimebaki ndani ya nati, na nati yenyewe imechomelewa ndani ya krosimemba, haionekani. Kuna kijana ana ekstrakta, zile za meno ya kushoto za kutolea bolti iliyokatika. Aitumie?* — Mtwapa

Asiitumie kwanza. Fikiria hivi: bolti nzima ya M12, yaani ya unene wa milimita 12, imekatika kabla ya kulegea. Ekstrakta inaingia katika tundu lililotobolewa katikati ya bolti hiyo hiyo, kwa hiyo ni nyembamba kuliko ile iliyoshindwa, na chuma chake ni kigumu ila kinavunjika kama kigae. Ikikatikia humo, keekee ya kawaida haiitoboi. Utakuwa umeziba tundu kwa chuma kigumu kuliko vyote ulivyonavyo. Ekstrakta ni ya bolti iliyokatika kwa kupigwa au kwa uchovu huku meno yake yakiwa mepesi. Yako haikukatika hivyo.

Njia ya kwanza ni kuchomelea. Chomoa waya hasi wa betri. Kishikio cha ardhi cha mashine kiwekwe karibu kabisa na kazi, kwenye krosimemba yenyewe, ili umeme usitafute njia kupitia beringi au kompyuta ya gari. Kama kipande kimetokeza, vaa nati juu yake na uchomelee ndani ya tundu la nati. Kama kimelingana na uso au kimezama kidogo, jenga kwanza kichuguu cha chuma katikati ya kipande, weka washa, ichomelee, kisha nati juu ya washa. Ukiwa na mashine ya kuchomelea ya waya utaona unachofanya vizuri zaidi kuliko kwa vijiti.

Halafu subiri. Hapa ndipo haraka huharibu kazi. Joto la kuchomelea limeitanua bolti ndani ya nati, na ikipoa inasinyaa, na kule kutanuka na kusinyaa ndiko kunakovunja kutu. Ukizungusha ikiwa nyekundu, chuma ni laini na kinasokotwa kama mkate wa mofa uliomwagiwa mchuzi. Acha ipoe mpaka karibu uweze kuigusa, gusisha mshumaa ili nta iyeyuke na kunyonywa kwenye meno, kisha zungusha mbele na nyuma kwa spana fupi. Nati ikiachana na kipande usivunjike moyo. Chomelea nyingine. Mara tatu au nne ni kawaida, na kila mara unaongeza joto palepale linapotakiwa.

Ikishindikana kabisa, toboa. Sawazisha uso wa kipande kwa tupa, tafuta katikati hasa, piga senta panchi, anza na keekee ya milimita 3 na kupanda taratibu. Mwendo wa drili uwe wa chini na mafuta yasikauke. Ukizipata keekee za kushoto zinunue, kwa sababu mara nyingine keekee yenyewe hushika na kuitoa bolti njiani, kazi ikaisha bila kutarajiwa. Ukifika saizi ya tapu, kile chombo cha kuchonga meno upya, simama. Kwa M10 ya hatua 1.25 (hatua ni umbali wa jino hadi jino, kwa milimita) ni milimita 8.8, M12 ya hatua 1.25 ni 10.8, M12 ya hatua 1.5 ni 10.5, na M14 ya hatua 1.5 ni 12.5. Hakikisha hatua kwa kuivisha nati mpya kwenye bolti ya upande wa pili wa gari. Tapu ya hatua isiyo yake itaingia mizunguko miwili mitatu ikikudanganya kwamba inakwenda, kisha itakula meno yote.

Hatari nyingine ni nati kung'oka pale ilipochomelewa na kuanza kuzunguka ndani ya krosimemba. Utaijua kwa sauti: kitu kinakwaruza ndani na bolti inazunguka bila kutoka wala kukaza. Hapo hakuna ujanja ila kukata kidirisha ubavuni mwa krosimemba, milimita 40 kwa 40 hivi, mbali na kona na mbali na mshono wa kiwandani, ili spana iingie na kuishika nati. Kazi ikiisha, nati ichomelewe upya na kidirisha kizibwe kwa bamba la unene uleule, lichomelewe mzunguko mzima na kupakwa rangi ya zinki. Tumewahi kuulizwa kama kidirisha kinaweza kuachwa wazi "ili siku nyingine iwe rahisi." Hapana. Krosimemba ni bamba jembamba lililokunjwa, nguvu yake yote iko katika kufungwa kwake, na tundu wazi ni mlango wa maji.

Mwulizeni pia fundi alikuwa akivuta kwa bomba la urefu gani. Mtu wa kilo 70 akilalia bomba la mita moja anatoa nguvu ya kuzungusha ya karibu Nm (nyutoni mita) 690. Bolti ya M12 ya daraja la ugumu la 8.8 hukazwa kwa kiasi cha Nm 80, na ya 10.9 kiasi cha Nm 120. Ukitumia bomba refu, mkono hauhisi tena bolti inasema nini. Bolti inayolegea hupiga mlio mmoja wa "tak" na baada yake inakuwa nyepesi. Bolti inayokatika huanza kuwa laini kama inasokotwa, inazunguka bila mlio. Ukihisi ulaini huo, rudisha nyuma mara moja, ikaze robo mzunguko, tia mafuta, anza tena.

Nati inazunguka na mpira wake

*Linki ya stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona), nati inazunguka lakini haitoki. Kitundu cha ufunguo wa pembe sita kimeshaliwa.* — Likoni

Fimbo yenye meno ya boljointi, kile kiungo cha tufe mwishoni mwa linki, inazunguka pamoja na nati. Kitundu kikishaliwa, bana shingo ya fimbo hiyo nyuma ya mpira kwa koleo la kujifunga, kama bado kuna nafasi. Kama hakuna, kata nati kwa grenda ubavuni, sambamba na fimbo, kisha ipasue kwa tindo. Linki yenyewe inatupwa, kwa hiyo usipoteze saa nzima ukiibembeleza. Fanya hivyo magurudumu yote mawili yakiwa juu au yote chini, kwani likiinuliwa moja tu, stabilaiza inakuwa imejikaza na linki itaruka ukishaikata.

Dawa hii ni ya linki tu. Nati ya juu ya shoku ya mbele, pale chini ya boneti, inafanana na hiyo lakini springi iko chini yake imebanwa. Usiiguse kabla springi haijafungwa kwa vibano vyake.

Gesi karibu na tanki

*Shikamooni. Fundi anataka kutumia gesi kuichoma bolti ya chini ya shoku ya nyuma. Mimi naogopa, tanki la petroli liko hapo hapo. Gari limewekwa juu ya bloku za saruji. Anasema kila siku wafanya hivyo. Nimwachie?* — Tudor

Marahaba, Bi. Hofu yako ina msingi, na kwa bolti hiyo mahsusi jibu ni hapana, na si kwa sababu ya tanki peke yake.

Moto una kazi yake. Chuma kinapopata joto kinatanuka. Tundu la milimita 14 likipashwa nyuzi 400 zaidi huongezeka upana kwa kama sehemu saba kati ya mia za milimita moja, unene wa unywele tu, na unywele huo unatosha kuiachia kutu. Lakini linalotakiwa kupata moto ni kile kinachoishika bolti, yaani nati au chuma kilichoizunguka, huku bolti ikibaki na ubaridi wake. Kwenye bolti ya chini ya shoku, iliyoganda ndani ya slivu, kilichoizunguka slivu ni mpira. Moto hauifikii slivu bila kuuchoma mpira kwanza, na mpira ukishika moto hutoa moshi mweusi wa sumu, hunata kwenye ngozi na huwaka upya ukidhani umezimika. Pembeni yake kuna shoku yenyewe, nyingi kati yake zimejazwa gesi kwa shindikizo pamoja na mafuta. Shoku iliyofungwa haichomwi kwa moto kabisa.

Kwa kuwa shoku inabadilishwa, mwambie aikate. Diski nyembamba ipite kati ya jicho la shoku na mabano yake, upande mmoja na mwingine, shoku ianguke, kisha vipande vya bolti vilivyobaki kwenye mabano vitolewe kwa panchi. Kama bolti imesimama upande mmoja tu na imechomelewa kwenye ekseli, akate jicho la shoku lenyewe, aung'oe mpira, halafu aipasue slivu kwa urefu kwa diski bila kuyagusa meno. Slivu ikishapasuka inafunguka kama ganda la karanga.

Moto unafaa pale nati iko wazi, imezungukwa na chuma kitupu, na mpira, hosi na waya viko mbali. Hata hapo, mafuta ya kupenya yaliyonyunyizwa yafutwe kwanza kwa sababu yanawaka. Dawa ya kusafishia breki isitumike kufutia, kwani aina zenye klorini zikikutana na moto au cheche za kuchomelea hutoa gesi ya kuua. Sabuni na maji yanatosha, kisha kukausha. Mtungi wa kuzimia moto wa poda uwe mkononi mwa mtu, usiwe ndani ya buti. Nati ipashwe mpaka ianze wekundu hafifu, basi. Na bolti au nati iliyowahi kupashwa hivyo hairudishwi kazini, ugumu wake umeshaondoka.

Kuna magari ambayo loa amu au habu yake ni ya alumini. Hapo gesi ipigwe marufuku kabisa. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 bila kubadilika rangi. Fundi anayesubiri wekundu atauona ukidondoka. Inapendeza kwamba alumini hutanuka karibu maradufu ya chuma, kwa hiyo maji ya moto yanayochemka au feni ya joto mara nyingi hutosha.

Na kwa kuwa umetuambia gari limewekwa juu ya bloku za saruji, Bi, hilo lituogopeshe zaidi kuliko gesi. Bloku yenye matundu hupasuka ghafla, haitoi onyo, na kazi hii ni ya kupiga nyundo. Stendi za chuma, mbili, na magurudumu ya upande wa pili yazuiwe.

Breki fluidi, soda, ndimu

*Je, ni kweli breki fluidi inalegeza kutu kuliko dawa za dukani? Wengine husema Koka.* — Changamwe

Breki fluidi hupenya kidogo, lakini inachubua rangi ya gari na kuvuta unyevu, na unyevu ndio ulioleta kutu. Soda na ndimu zina asidi hafifu inayoweza kusafisha kipande kilicholala ndani ya bakuli usiku kucha. Bolti iliyo chini ya gari hailali bakulini, na sukari hukaribisha sisimizi. Dizeli ni afadhali kuliko vyote hivyo. Kuna mchanganyiko wa mafuta ya gia ya otomatiki, ATF, na asetoni, nusu kwa nusu. Unapenya vizuri, ila hujitenga, kwa hiyo tikisa kila mara, uuweke kwenye kopo la mafuta la chuma, na usiutumie palipo na moto.

Isirudi tena

*Gari ninaliegesha karibu na ufuo, na linaoshwa kila Jumamosi. Hata hivyo chini kote ni kutu. Nifanyeje bolti mpya zisigande? Na nikiagiza gari jingine kutoka Japani, nitajuaje kama si la kutu?* — Nyali

Uliza maji ya kuoshea yanatoka wapi. Visima vingi vya kisiwani na Kisauni vina maji ya chumvichumvi, na gari linalooshwa nayo kila Jumamosi linapakwa chumvi kila Jumamosi, tena kwa shindikizo, hadi ndani ya viungo. Upepo wa kusi unaleta sehemu yake, lakini mpira wa maji unaleta zaidi. Angalau suuza la mwisho la chini ya gari liwe la maji baridi ya kunywa.

Wakati wa kufunga, paka grisi ya shaba kwenye mwili laini wa bolti na ndani ya slivu, ule urefu unaolala ndani ya bushi. Meno yaachwe makavu na safi. Grisi kwenye meno hupunguza msuguano, kwa hiyo toki ileile iliyoandikwa kwenye kitabu huvuta bolti kwa nguvu kubwa kuliko ilivyokusudiwa, na huenda ikaivuta hadi ikatanuka. Kwenye chuma na alumini vinavyogusana, grisi ya shaba haifai, kwa vile shaba huharakisha kuliwa kwa alumini. Tafuta ile ya nikeli au ya seramiki. Baada ya kukaza, ziba ncha za slivu na meno yaliyotokeza kwa nta ya kuzuia kutu au hata grisi nzito ya baharini, ile wanayotumia wenye maboti. Nati za kujifunga ziwe mpya kila zinapofunguliwa. Bolti ya alaimenti ilegezwe na kukazwa upya kila mwaka inapopimwa, hata kama vipimo viko sawa. Bolti inayochezeshwa haipati nafasi ya kuganda.

Kuhusu Japani, magari yanayoingia Kenya hayazidi umri wa miaka minane, lakini miaka minane ya Hokkaido si sawa na miaka minane ya kusini. Kaskazini barabara hunyunyizwa chumvi wakati wa theluji, na gari hufika bandarini Kilindini rangi ikimeremeta huku bolti za chini zimeshaanza kuganda kabla hazijauonja upepo wetu. Omba karatasi ya mnada, ile ripoti ya ukaguzi ya gari linapouzwa huko Japani. Kwenye mchoro wa gari, herufi S ni kutu na C ni chuma kilicholiwa, na namba inayofuata ni ukubwa wa tatizo. Mchoro huo unahusu zaidi mwili wa nje. Kutu ya chini huandikwa kwa mkono, kwa Kijapani, kwenye kisanduku cha maelezo ya mkaguzi, na neno la kutafuta humo ni *sabi*, yaani kutu. Mtake wakala akutafsirie kisanduku hicho chote, pamoja na picha za chini ya gari, kabla hujatuma pesa.